Obama wa Springfield: kazi ya useneta wa jimbo kabla dunia haijamjua

Mkalimani wa Illinois (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Obama wa Ikulu ya Marekani anajulikana kuanzia Kogelo hadi Kariakoo. Leo nataka tumzungumzie yule wa kabla yake, aliyekuwa seneta wa jimbo la Illinois kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Alikuwa akiendesha gari kutoka Chicago hadi Springfield, mji mkuu wa jimbo, zaidi ya kilomita 300, kwenda kukaa kwenye Seneti ambayo kwa miaka sita ya mwanzo chama chake cha Democratic kilikuwa na kura chache. Mimi naishi jimbo hili, na kuna sheria moja aliyoipigania ambayo naikuta kazini kwangu. Nitaifikia, lakini kwanza tuone alikotoka.

Kwa wasioujua mfumo: Marekani kila jimbo lina bunge lake kamili. Illinois ina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118, na gavana wa kutia saini. Wakenya msifananishe na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Bunge la jimbo ndilo linalotunga sheria nyingi za jinai: adhabu ya mauaji iweje, polisi wamhoji vipi mtuhumiwa. Habari za Washington ndizo zinazojaa redioni, ila ukikamatwa usiku Peoria, sheria itakayokushika karibu yote imeandikwa Springfield.

Obama alifika Chicago katikati ya 1985, kijana wa miaka 23. Gerald Kellman alimwajiri awe mratibu wa jamii kwa mshahara wa kama dola 10,000 kwa mwaka. Kusini kabisa mwa jiji viwanda vya chuma vilikuwa vinafungwa, na baba wenye nyumba na watoto walikuwa wamebaki vibarazani. Mradi uliitwa Developing Communities Project na uliegemea parokia za Kikatoliki. Kazi yenyewe ni kugonga mlango, kukaribishwa kiti, kumsikiliza mama mwenye nyumba mpaka ujue kinachomkera hasa, halafu kumtafutia wenzake wenye kero hiyo hiyo. Hotuba hazihitajiki hapo.

Altgeld Gardens ni mtaa wa nyumba za serikali uliozungukwa na madampo na mitambo ya maji taka. Mwaka 1986 wakazi waligundua kuwa nyumba zao zina asbestosi, nyuzi za ujenzi zinazodhuru mapafu. Wakapanda basi hadi ofisi za mamlaka ya nyumba katikati ya jiji kudai majibu, na Obama alikuwa nao. Lakini niseme haki ya mtu: Hazel Johnson, mama wa mtaa huo huo, alianzisha kikundi chake cha kutetea wakazi 1979, mwaka ambao Obama alikuwa anamaliza sekondari Hawaii. Kijana alikuta mapambano yapo.

1988 akaenda Harvard kusoma sheria. 1990 akawa Mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la chuo kile, na baada ya hapo kampuni yoyote kubwa ya mawakili ingemchukua. Akarudi Chicago. Mwaka 1992 aliongoza Project Vote, kampeni iliyoandikisha wapiga kura weusi takribani 150,000. Kisha akaingia kampuni ndogo ya mawakili wa haki za raia, huku akifundisha sheria ya katiba University of Chicago. Ualimu huo hakuuacha hata alipokuwa seneta, kwa sababu useneta wa jimbo lile si kazi ya mwaka mzima.

Nikitoka kazini nitaendelea.

---

Siti ya Mbele

Nimekaa mkuu, tiririka. Hapo pa kugonga milango pamenigusa. Wabunge wetu milango wanaijua mwaka wa uchaguzi tu.

---

Nyar Siaya

Mimi ni wa huku huku Siaya. 2004 hotuba yake ya Boston tuliisikia redioni, mzee wetu mmoja akalia wazi mbele ya watu. Wakati ule hatukujua kwamba siku ile bado alikuwa seneta wa jimbo tu, hata Washington hajafika.

Lakini ndugu mkalimani, sema yote. Nimewahi kusikia kwamba uchaguzi wake wa kwanza aliwaondoa wapinzani wote kwenye karatasi ya kura, akabaki peke yake. Ni kweli?

---

Mkalimani wa Illinois

Ni kweli dada, na sitaipaka mafuta.

Kiti cha wilaya ya 13, maeneo ya Hyde Park na South Shore, kilikuwa cha mama mmoja aitwaye Alice Palmer, mwanaharakati aliyeheshimika. 1995 aliamua kugombea Bunge la Washington, na akamuunga mkono Obama achukue nafasi yake Springfield. Novemba mwaka huo akashindwa na Jesse Jackson mdogo. Wazee wa siasa wakamwendea Obama: mama amekosa kule, mpishe arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa, kwamba alishaahidiwa na alishaanza kampeni.

Palmer akakusanya sahihi za wadhamini kwa haraka. Zilihitajika 757 na yeye alipeleka zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakaketi na daftari la wapiga kura, jina baada ya jina. Huyu anwani yake iko nje ya wilaya, huyu hakujiandikisha, huyu jina liko kwa herufi kubwa na halikutiwa saini kwa mkono. Zilizobaki halali hazikutosha, Palmer akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakaangukia hapo hapo. Kura za mchujo wa chama, Obama alikuwa peke yake.

Kisheria hakukosea hata hatua moja. Ila mimi inanikereketa. Mtu aliyetumia miezi ya 1992 kuwaandikisha watu wapate sauti, miaka minne baadaye anaingia bungeni kwa njia iliyowanyima watu wa wilaya ile nafasi ya kuchagua kati ya wawili. Nampenda kwa mengi, na hili nalibeba pamoja na hayo.

Sasa Springfield. Muswada wake wa kwanza ulikuwa mdogo: kutengeneza orodha ya wahitimu wa vyuo vya jamii ili waajiri wa karibu wawapate. Akasimama Rickey Hendon, seneta mweusi wa chama chake mwenyewe kutoka upande wa magharibi wa Chicago, akamuuliza mbele ya watu jina lake linatamkwaje, akamtania hadi ukumbi ukacheka. Obama ndiyo kwanza amefika, ana Harvard, ana jina la ajabu, na ametoka Hyde Park kwenye maprofesa. Weusi wenzake hawakumwamini, na Wazungu wa mashambani hawakumjua.

Dawa aliyoipata ni ile ile ya Altgeld, kuketi na watu. Kulikuwa na kundi la maseneta waliocheza karata jioni nyumbani kwa Terry Link, Wademokrati na Warepublican pamoja na watu wa kushawishi wabunge. Yeye alikuwa mmoja wao. Pale mezani alijifunza nani ana mkulima gani nyuma yake, nani anaogopa chama gani cha wafanyakazi.

1998 alipewa mzigo ambao wengi waliukwepa: sheria ya maadili. Illinois mbunge aliweza kuchukua fedha za kampeni akanunulia gari lake, na zawadi za washawishi hazikuwa na kizuizi cha maana. Paul Simon, seneta mstaafu, alimpendekeza, na Obama akaifanya pamoja na Warepublican, akiwemo Kirk Dillard. Hebu fikiria kuwaambia wenzako kwenye ukumbi wao kwamba kuanzia leo fedha ya kampeni haijengi nyumba yako. Hata hivyo ikapita Seneti kwa kura 52 dhidi ya 4. Waliokwisha jilimbikizia waliruhusiwa kubaki na walichonacho, na hiyo ndiyo bei iliyolipwa ipite.

---

Wakili wa Sinza

Mkuu nakufuatilia kwa makini. Nina swali na nina hoja.

Swali: zile kura za "nipo" alizokuwa anapiga badala ya ndiyo au hapana. Wapinzani wake walizitumia sana 2008. Utetezi wako ni upi?

Hoja: umesema kuna sheria unayoikuta kazini. Kama ndiyo ninayoifikiria, ya polisi kuwahoji watuhumiwa, tafadhali usiipite haraka. Sisi tunaosimama mahakamani Tanzania tunajua uchungu wa maelezo ya onyo, yale polisi wanayoyaandika kutoka kwa mtuhumiwa. Mtuhumiwa anasema alipigwa ndipo akatia dole gumba, askari anasema alisema kwa hiari yake, na mnaingia kesi ndogo ndani ya kesi. Shahidi wa yule anakana huyu, hakimu hakuwepo chumbani. Kila mara ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

---

Mkalimani wa Illinois

Wakili, nianze na swali. Alipiga kura ya "nipo" kama mara 129 kati ya kura 4,000 hivi. Illinois muswada unahitaji nusu ya viti vyote na zaidi, si nusu ya waliopiga, kwa hiyo "nipo" inafanya kazi ya "hapana". Wakati mwingine ilikuwa mkakati wa chama kizima, na wakati mwingine yeye aliona lengo zuri ila sheria imeandikwa vibaya kikatiba. Nakubali pia kwamba ilimpa mtu pa kujificha. Mwalimu wa katiba alipaswa kusema hapana na kueleza.

Kuna kosa lililomgharimu zaidi. Desemba 1999 kulikuwa na kura muhimu ya sheria ya silaha, yeye yuko Hawaii kwa bibi yake, mtoto wake Malia akaugua, hakurudi. Muswada ukakwama kwa kupungukiwa kura tano. Wakati huo alikuwa anagombea Bunge la Washington dhidi ya Bobby Rush, ambaye mwanawe alikuwa ameuawa kwa risasi miezi miwili tu nyuma. Machi 2000 Rush alimchapa kwa asilimia 61 dhidi ya 30. Watu wakasema kijana amekwisha.

Alirudi Springfield kwenye kazi ndogo ndogo zisizopigwa picha: unafuu wa kodi wa jimbo kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, uliopitishwa 2000 na kupanuliwa 2003, kuunga mkono kanuni za gavana Mrepublican dhidi ya wakopeshaji wa riba za kinyonyaji, bima ya afya ya watoto. Uchaguzi wa Novemba 2002 chama chake kikapata wingi. Emil Jones, rais mpya wa Seneti, akamkabidhi Obama kamati ya afya na miswada mingi mizito. Hapa kuna lawama ambayo ni ya haki: baadhi ya miswada hiyo ilikuwa imefanyiwa kazi na wengine kwa miaka, halafu jina la kwanza likawa lake. Hendon na wenzake walinung'unika, na ningekuwa wao ningenung'unika pia.

Ila huu wa kurekodi mahojiano aliutolea jasho lake mwenyewe.

Chicago alikuwepo kamanda wa polisi, Jon Burge. Tangu 1972 hadi 1991 yeye na askari wake waliwatesa watuhumiwa, wengi wao weusi, kwa umeme, kwa mifuko ya plastiki kichwani, mpaka wakakiri. Alifukuzwa kazi 1993, na jela alienda baadaye sana, kwa kosa la kudanganya chini ya kiapo, kwa kuwa muda wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ulikuwa umepita. Baadhi ya waliokiri chini ya mkono wake walihukumiwa kifo. Kufikia mwanzo wa 2000 Illinois ilikuwa imewaua wafungwa 12 tangu adhabu hiyo irudishwe, na 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wametolewa baada ya hukumu zao kuanguka. Yaani waliotolewa walikuwa wengi kuliko waliouawa! Gavana George Ryan, Mrepublican, akasimamisha utekelezaji wa adhabu zote za kifo, akaunda tume, na tume ikapendekeza mambo mengi, mojawapo kurekodi mahojiano ya kesi za mauaji.

Pendekezo liko mezani, nani atalibeba? Polisi hawataki, waendesha mashtaka hawataki. Gavana mpya, Rod Blagojevich, alikwisha sema hapendi. Hata wanaopinga adhabu ya kifo waliogopa kwamba ukiisafisha mashine, mashine itaendelea kuua. Obama akaketi nao wote, kikao baada ya kikao, kundi baada ya kundi. Kwa polisi hoja yake ilikuwa kwamba kamera inamlinda askari mwema anayesingiziwa, na inamfunga mwenye hatia kwa namna ambayo wakili wake hawezi kuipindua. Akakubali kulegeza penye hoja: mtuhumiwa akikataa kurekodiwa, au mitambo isipowezekana, kuna njia. Mahali pamoja tu hakulegeza: irekodiwe tangu mwanzo hadi mwisho, si ungamo peke yake.

Wakili, hapo unaelewa kuliko mimi. Ungamo likirekodiwa peke yake unamwona mtu ametulia anasema niliua. Hujui saa kumi na mbili zilizotangulia.

Seneti ilipitisha bila kura hata moja ya kupinga. Blagojevich, aliyekuwa anapinga, akatia saini Julai 2003. Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa nayo kwa amri za mahakama. Ilianza kutumika 2005, na 2013 bunge likaongeza makosa mengine mazito juu ya mauaji. Mwaka huo huo wa 2003 alipitisha pia sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Na adhabu ya kifo yenyewe Illinois iliifuta 2011.

---

Siti ya Mbele

Aisee. Bila kura hata moja ya kupinga, kitu ambacho polisi hawakutaka. Hapo ndipo naona ile kazi ya kugonga milango.

---

Nyar Siaya

Ndugu, umetuahidi. Wewe unaikutaje hii sheria kazini?

---

Mkalimani wa Illinois

Nakalimani Kiswahili. Jimbo hili lina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, wengi kutoka Kivu na Katanga baada ya miaka kambini, na Kiingereza hawana. Hospitali, shule, mahakama, wanaita mkalimani. Nitasimulia jambo moja, na vyote vinavyoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa.

Kuna mwaka wakili wa utetezi alinipa rekodi ya mahojiano nilinganishe na karatasi zilizochapwa. Mkalimani wa siku ile hakuwepo chumbani, alikuwa kwenye simu iliyowekwa spika, mahali fulani mbali kabisa. Kosa lilikuwa kati ya yale ambayo sheria inalazimisha kurekodi. Karatasi, kwa Kiingereza, ilimnukuu mtuhumiwa akisema: usiku ule nilimpiga mara tatu.

Nikafungua rekodi. Kijana amekaa, meza tupu, kikombe cha karatasi. Anaulizwa, anajibu: "Ule usiku nilimupigia mara tatu, hakujibu."

Nilirudisha nyuma mara nne. Nilimupigia. Simu ya spika ilikuwa inakwaruza, na ile "i" ndogo ya kupigia ilipita kama haipo, na "hakujibu" ilimezwa na swali la pili la mpelelezi. Lakini picha ilikuwepo. Alipokuwa anasema, mkono wake wa kulia ulipanda hadi sikioni, kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooka. Alikuwa anaonyesha simu.

---

Mtoto wa Bukavu

Mungu wangu. Minasikia baridi mwilini. Kwetu tunasema ivo kila siku, nilimupigia, nilikupigia, na hata neno simu hatuongeze. Bila ile video angejieleza na nani? Ule mukalimani asingekubali kama alikosea, na yeye hata asingejua kama alikosewa, juu ya Kiingereza yao haisome.

---

Wakili wa Sinza

Silabi moja. Nimesimamia kesi ambazo maelezo yameandikwa Kiswahili sanifu kilichonyooka, na mteja wangu ni mzee asiyejua ila Kisukuma. Nani aliyetafsiri, hakuna jina. Nakazia ombi langu, wabunge wetu walione hili.

Na je, wasiporekodi kabisa huko kwenu, inakuwaje? Sheria bila meno sote tunaijua.

---

Mkalimani wa Illinois

Ina meno. Mtuhumiwa akiwa chini ya ulinzi kituoni, kwenye makosa yaliyotajwa, maelezo ambayo hayakurekodiwa yanahesabiwa tangu mwanzo kuwa hayafai kutumika dhidi yake. Mzigo unahamia kwa mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika. Kwa hiyo askari mwenyewe ndiye anayehakikisha kamera inawaka, kwa sababu isipowaka kesi yake inayumba. Shahidi anayehojiwa tu hayumo, wala mtu aliyesimamishwa barabarani.

Mtoto wa Bukavu, pole ndugu. Umelisema kuliko mimi.

---

Nyar Siaya

Na yule kijana?

---

Mkalimani wa Illinois

Kesi yenyewe siruhusiwi kuizungumza dada. Ninachoweza kusema ni kwamba niliandika kiapo changu, nikataja dakika na sekunde ya rekodi, na upande wa mashtaka nao wakaleta mkalimani wao aisikilize. Yule mama alivaa spika za masikio, akasikiliza mara moja, akaomba aone picha, kisha akachukua kalamu. Kwenye karatasi ile akakata lile neno la Kiingereza la kupiga, na juu yake akaandika lile la kupiga simu.